Mbwa Mlinzi Hupimwa kwa Kuachia



Naomba nafasi katika kurasa za Kiswahili za gazeti letu nitoe maoni yangu juu ya jambo lililoleta maneno mengi hapa shuleni muhula huu. Katika toleo lililopita mmoja wa ndugu zetu waliosoma hapa zamani, ambaye sasa anafanya biashara mjini Arua, aliandika kwamba anakusudia kuleta mbwa wawili wa aina ya Airedale, dume na jike, ili yeye na rafiki zake wa Koboko waanzishe chama cha michezo ya mbwa walinzi. Akatuuliza sisi vijana tunaonaje. Wiki ile ile chama chetu cha majadiliano kikaifanya habari hiyo kuwa hoja: kwamba mbwa wa Airedale anafaa kwa michezo ya ulinzi kuliko mbwa mchungaji wa Kijerumani. Tulibishana saa mbili nzima. Wengine walitetea urefu wa meno, wengine ukubwa wa kifua, na mmoja alisimama kutetea mkia. Tulipopiga kura hoja ilishindwa, lakini mimi niliona kwamba pande zote mbili zilisahau kuuliza swali la kwanza: mbwa mlinzi hupimwa kwa kitu gani?

Jibu langu nalitoa mapema, ili msomaji mwenye haraka alipate hapa hapa. Mbwa mlinzi hupimwa kwa kuachia. Kuuma kila mbwa anajua tangu utoto, wala hahitaji mwalimu. Mbwa anayeshika anapotumwa na kuachia anapoambiwa, huyo ni mlinzi. Mbwa anayeshika asiachie ni hatari iliyofungwa mnyororo, hata kama babu zake wote wameandikwa katika daftari la Ulaya. Kwa kipimo hicho mbwa wa Airedale anafaa, nami nitaeleza kwa nini. Lakini hafai kwa kila mtu, na hapa kwetu si yeye tunayemhitaji kwanza.

Nianze na mchezo wenyewe, maana baadhi ya waliosema sana katika majadiliano walidhani ni kupiganisha mbwa. Sivyo hata kidogo. Mchezo huu ulizaliwa Ujerumani. Mwaka 1899 Max von Stephanitz na wenzake walianzisha chama cha mbwa wachungaji wa Kijerumani. Kazi ya kuchunga kondoo ilikuwa ikipungua, na Stephanitz hakutaka mbwa wake wageuke mapambo ya uani. Akataka wapimwe kwa kazi, na anayeshindwa kazi asizae. Kutokana na fikira hiyo ukakua mtihani ambao leo unafanywa katika nchi nyingi, nao tangu mwaka 2019 unaitwa IGP. Una sehemu tatu: kufuata nyayo, utii na ulinzi. Kila sehemu ina alama 100, na mbwa hana budi kupata 70 katika kila moja. Basi mbwa mwenye meno makali asiyejua utii hushindwa, kama vile mwanafunzi hodari wa hesabu anavyoshindwa akiacha karatasi nyingine tupu.

Kabla ya sehemu hizo tatu kuna mtihani wa adabu, ambao mbwa haruhusiwi kuufanya kabla ya kutimiza miezi 15. Hapo hupelekwa barabarani, kati ya watu, baiskeli na magari, aonekane kama anaogopa au anarukia watu. Asiyetulia hapo hafiki penye mchezo wa kushika. Daraja la kwanza la IGP hulifanya akiwa na miezi 18 au zaidi. Katika kufuata nyayo, mbwa wa daraja la kwanza hufuata njia ya hatua 300 iliyokanyagwa na bwana wake mwenyewe. Yule wa daraja la tatu hufuata hatua 600 za mtu asiyemjua, saa moja baada ya mtu huyo kupita. Katika utii hutembea mguuni pa bwana wake, huketi, hulala, huleta kipande cha mti alichotupiwa, na bunduki inapopigwa hatakiwi hata kushtuka.

Sehemu ya ulinzi ndiyo inayopendwa na watazamaji. Uwanjani husimamishwa maficho, na katika moja hujificha mtu aliyevaa mkono mnene wa kujikinga. Mbwa hutumwa kuyazunguka maficho mpaka amwone. Akimwona hamshiki! Humsimamia na kubweka, bila kumgusa, maadamu mtu yule ametulia. Mtu akijaribu kukimbia au kushambulia, hapo mbwa humshika kwenye ule mkono wa kujikinga, na hatakiwi kuogopa fimbo laini inayopigwa mwilini mwake. Mtu akitulia tena, bwana wa mbwa hutoa amri, na mbwa lazima aachie na kumlinda kwa macho. Asipoachia hupewa amri ya pili na ya tatu, huku alama zikipunguzwa. Akikataa hata ya tatu, huondolewa mtihanini, hata kama hadi dakika ile alikuwa wa kwanza kati ya wote.

Ndugu msomaji, litazame jambo hilo vizuri. Wajerumani, waliobuni mchezo wa kumfundisha mbwa kumshika mtu, ndio walioweka kanuni kwamba asiyeachia hana alama.

Sasa tuje kwa Airedale mwenyewe. Jina lake ni la bonde la mto Aire, katika jimbo la Yorkshire, Uingereza. Katikati ya karne ya 19 wafanyakazi wa viwanda vya nguo wa huko walichanganya mbwa wao wadogo wa kuwinda panya na mbwa wakubwa wa kuwinda fisi maji, wakapata mbwa anayeweza kuogelea mtoni na kupigana shimoni. Jumamosi walishindanisha mbwa hao katika kuwinda panya wa mtoni. Kwa hiyo huyu, ambaye leo picha yake hupigwa akiwa amechanwa manyoya kama bwana harusi, asili yake ni chotara wa watu maskini. Ni mkubwa kuliko terria wote. Dume husimama sentimita 58 hadi 61 begani. Manyoya yake ni magumu kama waya, meusi mgongoni na ya hudhurungi kichwani na miguuni.

Je, kazi ameifanya? Ameifanya. Mwingereza mmoja, Edwin Richardson, alikuwa akifundisha mbwa wa vita tangu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na Airedale alikuwa mmoja wa aina alizozipenda sana. Mbwa wa aina hiyo walipelekwa Urusi wakati wa vita vya Urusi na Japani vya mwaka 1904 na 1905, kutafuta majeruhi. Mwaka 1917 serikali ya Uingereza ilifungua shule ya mbwa wa vita huko Shoeburyness chini ya Richardson, na mbwa wake walipeleka barua katika mahandaki ya Ufaransa mahali ambapo askari mwenye barua hangefika hai. Ujerumani nako Airedale alikubaliwa mapema kuwa mmoja wa mbwa wa kazi, pamoja na Dobermann, Rottweiler na yule mchungaji. Tena Warusi, walipounda mbwa wao mweusi wa jeshi baada ya Vita Kuu ya Pili, damu ya Airedale ilikuwa mojawapo ya damu walizozitia.

Kwa hiyo wale waliosema katika majadiliano kwamba Airedale ni mbwa wa mabibi wa Kizungu wa kulala juu ya kochi, hawakusema kweli. Ana moyo, ana pua, ana nguvu ya kutosha bila kuwa mzito, na haogopi maji wala fimbo. Aliyezaliwa na wazazi wa kazi, akapata mwalimu mwenye subira, huweza kupita mtihani huo wote.

Lakini wanaomtetea nao wasifiche upande wa pili. Mbwa mchungaji alizaliwa kutazama uso wa bwana wake siku nzima na kungoja neno. Terria alizaliwa kuingia shimoni peke yake, gizani, na kuamua mwenyewe afanye nini. Ndiyo sababu Airedale hujifikiria. Ukimrudishia zoezi moja mara tatu hulifanya vizuri, mara ya kumi hukutazama kana kwamba anauliza, "Bwana, hukuona?" Tena hachelewi kukasirikia mbwa mwenziwe, na wafundishaji wengi husema akili yake hukomaa polepole kuliko ya mchungaji. Na lile jambo la kuachia, ambalo ndilo kubwa, kwake ni gumu zaidi, maana babu zake walisifiwa kwa kung'ang'ania. Hizi ndizo baadhi ya sababu kwamba katika mashindano makubwa ya dunia tunaona wachungaji wa Kijerumani na wale wa Ubelgiji wengi, na Airedale wachache. Kuweza anaweza, ila anadai mwalimu bora.

Hapo ndipo ninapofika kwetu, Arua na Koboko. Mbwa anayedai mwalimu bora atampata wapi? Nimezunguka katika mitaa ya Arua wakati wa likizo, nikaona mbwa wa kununuliwa kwa fedha nyingi wanavyofugwa. Hufungwa mnyororo mchana kutwa nyuma ya nyumba, juani, penye bakuli kavu. Usiku hufunguliwa wazunguke ua. Mtu pekee wanayemjua ni askari wa zamu, naye huwapiga teke kwa sababu anawaogopa. Hawajapata kutembezwa sokoni, wala kuona baiskeli karibu, wala kusikia neno moja la amri. Na mwenye nyumba anajisifu, "Mbwa wangu mkali sana, hata mimi simkaribii." Mimi nasema, kama hata wewe humkaribii, basi si wako.

Mwaka jana, Koboko, mtoto wa jirani yetu mwenye miaka saba alitumwa kupeleka maziwa kwenye nyumba moja yenye lango la chuma. Lango lilikuwa wazi kidogo. Mbwa wa hapo, mkubwa, chotara wa mchungaji, alikuwa amekata mnyororo. Alimshika mtoto mkono. Askari alipiga kelele, akampiga kwa rungu, akammwagia maji. Mbwa hakuachia mpaka watu watatu walipomfungua taya kwa mti. Mtoto alipelekwa hospitali, akashonwa, akaanza sindano za kuzuia kichaa cha mbwa. Tunashukuru Mungu yu hai, na mkono unafanya kazi. Lakini hadi leo hapiti njia ile, na akisikia mbwa akibweka mbali huacha kula. Mbwa yule aliuawa siku ile ile. Nilipowauliza watu kosa ni la nani, wote walisema ni la mbwa. Hakuna aliyeuliza kama kuna siku hata moja aliyofundishwa neno la kuachia.

Wahenga walisema, mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Methali hiyo watu huitumia kumsifu mbwa, lakini mimi naona inamhukumu msasi. Ubaya wa mbwa na wema wake hutoka mkononi mwa aliyemlea.

Tena si mimi peke yangu ninayesema hivyo, hata mahakama zimesema. Katika kesi ya Abdallah bin Wendo ya mwaka 1953, Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki haikukataa ushahidi wa mbwa wa polisi wa kufuata nyayo, lakini ilitaka kwanza ipate maelezo kamili kutoka kwa mwenye mbwa: mbwa huyu alifundishwaje, na ameonyesha uhodari gani. Mwaka 1967, katika kesi ya Omondi huko Kenya, onyo la namna hiyo likatolewa tena, kwamba ushahidi wa mbwa upokewe kwa uangalifu mkubwa. Mahakama zetu za Uganda nazo hufuata njia hiyo. Jaji hakuuliza mbwa ni wa aina gani wala alitoka nchi gani. Aliuliza mafundisho yake. Kama mtu hawezi kufungwa kwa sababu ya pua ya mbwa asiyejulikana alivyofundishwa, inakuwaje tuweke meno ya mbwa wa namna hiyo langoni, mahali wanapopita watoto?

Nimezungumza pia na rafiki zangu Waislamu wa Koboko, kwa kuwa baadhi ya wenzetu walisema michezo ya mbwa haiwezi kufanyika mji wenye Waislamu wengi. Walinieleza kwamba mate ya mbwa kwao ni najisi, na ndiyo maana hawapendi mbwa ndani ya nyumba. Lakini mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba wanazuoni wao wamemruhusu. Na nyama aliyoikamata mbwa wa kuwinda huwa halali ikiwa tu mbwa huyo amefundishwa: aende anapotumwa, azuilike anapozuiwa, na amshikie bwana wake mawindo asiyale. Nilipoyasikia maneno hayo nilistaajabu, maana ni kanuni ile ile ya uwanjani, nayo ilifundishwa karne nyingi kabla ya Stephanitz kuzaliwa.

Wala wazee wetu wa Kilugbara na Kikakwa hawakuwa mbali na jambo hilo. Waliwinda na mbwa wakati wa kiangazi majani yalipochomwa, na mbwa aliyekula ndezi kabla ya bwana wake kufika hakuhesabiwa kuwa mbwa wa kuwinda. Mbwa hao wadogo wa rangi ya udongo ndio tunaowaita leo "mbwa shenzi", na kuwatupia mawe. Lakini ndugu zao wa karibu, wa Kongo na wa kusini ya Sudan, Waingereza waliwapeleka kwao, na mwaka 1937 wakaonyeshwa katika maonyesho ya Crufts, watu wakasongamana kuwatazama. Wakawaita Basenji, jina ambalo ni ndugu wa neno letu washenzi. Mwaka 1959 Mwingereza mmoja, Bibi Veronica Tudor-Williams, alisafiri hadi kusini ya Sudan, jirani zetu hapa, kutafuta wengine. Sisi tunasafiri kwenda Nairobi kununua mbwa wa Ulaya, na Ulaya ilisafiri kuja kutafuta mbwa wetu! Sisemi kwamba mbwa wetu mdogo atashinda katika IGP. Mwili wake si wa mchezo ule. Nasema akili ya kufundishika haikuanzia Yorkshire.

Kuna jambo lingine la kuzingatia kabla ya kumleta Airedale, nalo ni afya. Manyoya yake mazito yalifanywa kwa mvua na baridi ya Uingereza. Katika joto letu la Januari na Februari hawezi kufundishwa ila alfajiri na magharibi. Yanataka kuchambuliwa kwa mkono, la sivyo kupe hujificha humo, na homa za kupe huwaua upesi mbwa wageni. Mbung'o nao wapo kandokando ya mito yetu. Ni kweli kwamba mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitambua kuwa ugonjwa wa malale wa aina ya gambiense si tatizo kubwa tena la afya ya watu katika Uganda, na vile vitambaa vidogo vya buluu vyenye dawa vilivyosimamishwa mitoni vimesaidia sana. Lakini nagana ya wanyama ni jambo jingine. Mbung'o akibaki hata kidogo, mbwa mgeni yumo hatarini kuliko mbwa aliyezaliwa hapa. Basi anayemleta Airedale awe amekwisha kuzungumza na daktari wa mifugo kabla ya kuzungumza na muuza mbwa.

Najua wapo watakaonijibu hivi: "Haya ni maneno ya shuleni. Mwizi hajui kanuni za mchezo, wala havai mkono wa kujikinga. Sisi tunataka mbwa wa kumrarua." Ndugu, nasikia. Sisi pia hapa shuleni tumeibiwa nguo kambani na kuku bandani. Lakini tuhesabu pamoja. Kwa mwaka mmoja mwizi huja langoni mara ngapi? Labda mara mbili. Na muuza maji, mtoto wa jirani, mwalimu, mgonjwa anayeomba msaada, mpanda bodaboda aliyeleta mzigo, huja mara ngapi? Kila siku. Mbwa asiyejua tofauti atakutana na rafiki mara mia kabla ya kukutana na mwizi mara moja. Tena mwizi mwenyewe huogopa kelele kuliko meno. Mbwa anayebweka bila kukoma mahali mtu alipojificha, kama mchezo unavyomfundisha, huamsha nyumba nzima. Na yule mbwa mkali mwenye njaa, asiyefundishwa kukataa chakula cha mgeni, mwizi humtupia kipande cha nyama chenye sumu akaingia kwa raha.

Wengine watasema kwamba mafundisho ni ghali. Si kweli. Mbwa mwenyewe ndiye ghali. Mafundisho ya mwanzo yanataka kamba, kipande cha nyama kavu au dagaa, na nusu saa kila siku. Kitu kilicho adimu ni subira.

Kwa hiyo, kwa ndugu yetu wa Arua na rafiki zake wa Koboko, na kwa walimu wetu wanaofikiria kununua mbwa wa shule, natoa mashauri haya.

Kwanza, chanjo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na wengi wao ni wa Afrika na Asia. Katika watu kumi wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa, wanne ni watoto chini ya miaka 15. Chama cha mbwa kisichodai hati ya chanjo siku ya kwanza kisifunguliwe. Na kila mwanachama ajue kwamba aliyeumwa aoshwe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali upesi, wala asingojewe aonyeshe dalili, maana dalili zikionekana karibu hakuna anayepona.

Pili, chama kianze na mtihani wa adabu peke yake, kwa mwaka mzima, na kianze na mbwa tulio nao, wa aina zote. Uwanja tunao tayari. Mbwa anayeweza kutembea kwa kamba iliyolegea katika soko la Arua siku ya Jumamosi, au kulala kimya kando ya barabara ya Koboko malori ya kwenda Oraba yakipita, huyo amefaulu mtihani ambao wengi wa Ulaya wangeshindwa.

Tatu, kabla mbwa yeyote hajafundishwa kushika mtu, afundishwe kuachia kitu. Aanze na fimbo, kisha kitambaa, kisha mfupa. Asiyeachia mfupa asipelekwe mbele. Na kazi ya kufundisha kushika ifanywe na mtu aliyejifunza kwa waliohitimu, si na kijana aliyetazama sinema. Kikosi cha mbwa cha Polisi ya Uganda kinao watu wanaojua kufundisha. Chama kiwaombe shauri.

Nne, Airedale aje, lakini aje kwa mtu mwenye muda, aliyekwisha kumfundisha mbwa mwingine mpaka mwisho. Nitakuwa wa kwanza kwenda kumtazama. Kama ndugu yetu ana muda huo, Mungu ambariki, na mbwa wake watakuwa mfano kwa mji mzima. Kama hana, awaache kwa wenye muda, na fedha zile azitumie kujenga uzio na kuwachanja mbwa wa mtaa wake.

Kwa walimu wetu nasema machache, kwa heshima. Kama shule itanunua mbwa, asinunuliwe mbwa mkali. Anunuliwe mbwa mchanga mwenye moyo mtulivu, na wateuliwe wavulana wawili wa kidato cha tatu wamfundishe kila jioni chini ya mtu mzima, ili watakapomaliza wawe wamejifunza jambo moja zaidi kuliko vitabu. Mimi mwenyewe naondoka mwaka huu, kwa hiyo siombi kazi hiyo. Nawaombea wadogo zangu.

Wanaopinga maoni yangu waandike, na hasa wale wanafunzi wa zamani walio katika polisi na jeshi, ambao wameona mbwa wa kazi kwa macho yao. Ila nawaomba wajibu swali moja kwanza: mbwa uliye naye nyumbani leo, ukimwambia "acha", ataacha?

Ni mimi mwenzenu,
Mwanafunzi wa Kidato cha Sita